Friji haipozi, inavuja au inapiga kelele: pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

Friji ikiacha kupoza, neno la kwanza utakalosikia ni "gesi imeisha". Jirani atalisema, na fundi naye huenda akalisema akiwa bado amesimama mlangoni, hajaisogeza hata friji yenyewe. Naanza na neno hili kwa sababu limewatia watu wengi hasara ya bure. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, mara kimiminika, mara mvuke, na kiasi kilichotiwa kiwandani ndicho kinachotakiwa kubaki humo mpaka friji izeeke. Ikipungua, basi kuna tundu. Anayejaza gesi bila kulitafuta tundu amekupa ubaridi wa siku za kuhesabu.

Na mara nyingi wala si gesi. Ni hewa iliyokosa pa kupita, mlango usiobana, maji yaliyozibiwa njia au umeme usiotosha. Mambo hayo manne mtu yeyote anaweza kuyachunguza mwenyewe kwa macho, masikio, kiganja na kipimajoto kidogo.

Pima kwanza, lalamika baadaye

"Haina baridi" ni maneno tu, unahitaji namba. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iweke glasi rafu ya katikati, funga mlango ukalale. Asubuhi, kabla mtu mwingine hajafungua, soma. Kisome haraka. Maji yanatumika kwa sababu hewa ya ndani hubadilika kila mlango unapofunguliwa, lakini maji hukuonyesha hali ambayo chakula chako kinaishi nayo. Friji inayofanya kazi vizuri ikae nyuzi 4 za Selsiasi au chini kidogo ya hapo bila kugusa sifuri. Upande wa friza, kichomeke kipimajoto katikati ya vifurushi vilivyoganda. Unatafuta nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kama friji yako ina kitufe cha kuzungusha chenye namba, kumbuka kwamba namba hizo si nyuzi joto. Kwa kawaida 1 ni baridi kidogo na namba kubwa ni baridi kali. Nimeona watu wanashusha mpaka 1 wakidhani wanaongeza ubaridi. Badilisha hatua moja, kisha ngoja siku nzima kabla ya kupima tena. Anayegeuzageuza kila baada ya saa moja hatajua kamwe kilichosaidia ni kipi.

Kuna jambo moja zaidi la kujua kabla hujaendelea: friji yako ni ya aina gani. Zipo ambazo barafu hujijenga kwenye kuta za friza na wewe mwenyewe ndiye huiyeyusha. Zipo nyingine ambazo kuta za friza ni kavu, na nyuma ya ubao wa plastiki kuna feni inayosukuma hewa baridi. Hizi huyeyusha barafu zenyewe kwa hita ndogo iliyofichwa. Dalili ileile ina sababu tofauti kabisa katika aina hizi mbili.

Friji mpya, au iliyohamishwa, na haipozi

Ilisafirishwaje? Kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma iliyo chini kwa nyuma, ina mafuta ndani yake. Friji ikilazwa, mafuta hutiririka kuingia kwenye mabomba. Ukiiwasha papo hapo, kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha. Isimamishe, iache saa kadhaa; kama ililazwa safari ndefu, iache mpaka siku nzima. Iliyosafiri ikiwa wima haihitaji kusubiri muda mrefu hivyo, lakini kijitabu cha maelekezo kilichokuja nayo ndicho chenye kauli ya mwisho.

Ukiisha kuiwasha, iache tupu mpaka ipoe. Friji kubwa inaweza kuchukua siku nzima kufikia baridi yake. Anayeijaza nyama na vyombo vya chakula dakika kumi baada ya kuchomeka plagi, kisha jioni akasema imekuja mbovu, hajaipa nafasi.

Halafu tazama mahali ilipokaa. Friji haitengenezi baridi. Inachota joto la ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma au ya ubavuni. Ikibanwa ukutani, joto hilo halina pa kwenda. Acha walau sentimita 5 nyuma, na nafasi juu na pembeni kama kijitabu kinavyosema. Isikae karibu na jiko wala mahali ambapo jua la dirishani huipiga. Miguu ya mbele iinue kidogo tu kuliko ya nyuma, ili mlango ujirudie wenyewe ukiuachia.

Kibandiko kilicho ndani ya friji, mara nyingi ubavuni karibu na droo ya mboga, kina herufi ambazo wengi hawazitazami: SN, N, ST au T. Hizo zinataja joto la chumba ambalo friji hiyo imeundwa kulimudu. N ni kuanzia nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43, na SN huanzia 10 hadi 32. Friji ya N ikiwekwa kwenye chumba kinachofika nyuzi 38 itafanya kazi mchana kutwa na bado haitatosheka. Haina ubovu wowote. Imepewa mzigo ambao haikuundiwa.

Kuna na hili ambalo huwachanganya hata watu makini: taa ya ndani inawaka, namba zinaonekana mlangoni, kila kitu kinapendeza, ila baridi hakuna na kompresa haisikiki. Baadhi ya friji zenye vioo vya namba zina hali ya maonyesho ya dukani, ambayo huacha taa ziwake na kuzima upozaji. Huondolewa kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja kwa sekunde chache; vitufe gani, kijitabu kitakuambia.

Haiwaki kabisa

Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyohiyo. Kikiwaka, angalia kama kitufe cha ubaridi hakijageuzwa mpaka sifuri, jambo ambalo hutokea mtu anapopanga vyombo. Kama umeweka kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mbaya, soma taa zake: mara nyingi kinasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuruhusu umeme upite, na kusubiri huko kuna maana kubwa, kama utakavyoona sasa hivi.

Tik. Kimya. Tik.

Hii ni dalili inayosema wazi kuliko nyingi, mradi usimame uisikilize. Zima redio, inama nyuma ya friji. Utasikia kompresa ikinguruma kwa sekunde chache kama mtu anayejaribu kuinua gunia, kisha "tik", kisha kimya. Baada ya dakika mbili tatu, ngurumo tena, tik tena. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta umeme mwingi, na kifaa kidogo cha ulinzi kinakata kabla haijaungua. Kikipoa kinairuhusu ijaribu tena.

Anza na umeme. Volteji ikishuka, kompresa hukosa nguvu ya kuanza hata kama haina ubovu wowote. Dalili yake ni taa za nyumbani kufifia. Waya wa ekstensheni mwembamba na mrefu hufanya vilevile. Chomeka friji moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani uone kama tatizo linabaki.

Umeme ukikatika na kurudi mara moja, usishangae kusikia tik. Ndani ya mabomba upande mmoja una shinikizo kubwa na mwingine dogo, na kompresa haiwezi kuanza mpaka pande hizo zilingane. Dakika 5 za kusubiri zinatosha. Ndiyo maana kile kifaa cha ulinzi kinachelewesha.

Umeme ukiwa mzuri na tik inaendelea, mtuhumiwa anayefuata ni rilei ya kuwashia iliyochomekwa ubavuni mwa kompresa. Ni kitu kidogo na hubadilishwa bila kugusa gesi. Mafundi wana jaribio rahisi: friji ikiwa imechomolewa, huitoa rilei na kuitikisa sikioni. Ikilia kama ina kokoto ndani, imevunjika. Sikushauri ufungue sehemu hiyo mwenyewe, kwa sababu baadhi ya friji zina kapasita hapo inayoweza kushika umeme hata plagi ikiwa nje. Lakini fundi akikuambia "kompresa imekufa", muulize kwanza kama ameijaribu rilei. Friji zenye kompresa ya inveta, yaani inayobadilisha kasi yake badala ya kuwaka na kuzima tu, hazina rilei hiyo. Zinaendeshwa na ubao wa elektroniki, na huko ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Friza inagandisha, chini hakuna baridi

Nitakaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo watu huambiwa uongo zaidi, wakati mwingine bila kukusudia.

Fikiri kidogo. Kama friza inagandisha nyama mpaka inakuwa jiwe, gesi ipo na kompresa inafanya kazi. Katika friji yenye feni, baridi yote hutengenezwa mahali pamoja, nyuma ya ubao wa friza. Feni huchukua sehemu ya hewa hiyo na kuishusha chini kupitia mlango mdogo na matundu. Kwa hiyo swali si "baridi imekwenda wapi" bali "imezuiwa wapi".

Tafuta matundu hayo ndani ya friji. Mara nyingi yako nyuma ya rafu ya juu. Je, kuna mfuko uliyoegemea? Mfuko mmoja wa mboga ulioshindiliwa kwenye tundu unatosha kuipandisha friji nzima nyuzi kadhaa. Friza nayo isijazwe mpaka vifurushi viguse ubao wa nyuma.

Kisha feni. Nyingi husimama mlango ukifunguliwa, kwa hiyo ukifungua na kutega sikio hutasikia kitu na utasema imekufa. Tafuta swichi ya mlango, ile inayozima taa, ibonyeze kwa kidole huku mlango ukiwa wazi. Feni ikivuma, nzuri. Ikiwa kimya wakati kompresa inafanya kazi, ama imeungua ama imeshikwa na barafu. Ikikwaruza "krrr", majani yake yanagonga barafu.

Barafu hiyo ndiyo iliyonipata mimi. Maziwa yaliyokuwa yanadumu siku tano yalianza kuharibika siku ya pili, huku friza ikiwa ngumu kama kawaida. Fundi wa kwanza alisema gesi. Nilimwomba anisubiri. Nikaitoa friji kwenye umeme, nikahamishia vyakula kwa jirani, nikaacha milango yote wazi kwa saa 24 nikiwa nimetandika mataulo sakafuni. Maji yaliyotoka yalijaza sufuria. Nilipoiwasha ilipoa vizuri kabisa, pande zote mbili. Siku ya tisa, joto likaanza kupanda tena chini.

Jibu liko kwenye zile siku tisa. Gesi iliyopungua hairudi kwa kuacha mlango wazi. Friji ikipona baada ya kuyeyushwa kikamilifu, kisha ikaugua tena baada ya wiki moja au mbili, mfumo wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi. Ni mmoja kati ya hawa watatu: hita iliyokatika, kitambuzi kinachoiwasha na kuizima, au taima, ambayo katika friji mpya ni ubao wa elektroniki. Kwangu ilikuwa hita. Fundi wa pili aliipima kwa mita, akaibadilisha, na hakugusa bomba lolote.

Akifungua ubao wa nyuma ya friza, simama utazame naye, maana barafu yenyewe inasema. Ukungu mweupe mwembamba uliotanda sawasawa kwenye mabomba yote ni hali ya kawaida. Barafu nene iliyofunika kila kitu ni mfumo wa kuyeyusha. Barafu iliyojikusanya kona moja tu, hapo gesi inapoingilia, na mabomba mengine yote makavu: sasa ndiyo unaweza kusema gesi imepungua.

Kompresa haipumziki na baridi ni hafifu kote

Fundisha kiganja chako. Gusa mabomba ya nyuma au ubavu wa friji baada ya kompresa kufanya kazi kwa dakika 20. Joto likiwa la wazi, friji inachota joto na kulitoa. Tafuta kinachoingiza joto ndani. Mabomba yakiwa ya baridi ilhali kompresa inanguruma, tatizo liko ndani ya mfumo, na hilo ni la fundi.

Kama joto linatoka, anza na vumbi. Mabomba ya nyuma au yale ya chini hukusanya vumbi na manyoya mpaka yanavaa koti. Chomoa plagi, yapige brashi laini. Mara mbili kwa mwaka inatosha, na zaidi kama una wanyama ndani.

Kisha mlango. Chukua karatasi, ifunge nusu ndani nusu nje, ivute. Inatakiwa ikatae kidogo. Zunguka mlango wote, hasa kona za chini na upande wa bawaba. Mahali inapotoka kama imepakwa mafuta, hewa ya joto inaingia usiku na mchana. Kabla ya kununua mpira mpya, osha uliopo kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mara nyingi ni mabaki ya chakula yaliyokauka yanayouzuia kubana. Mpira uliokunjamana hulainika ukipashwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kisha ukanyooshwa kwa vidole na mlango ukafungwa.

Na taa. Balbu ya zamani isiyozimika mlango ukifungwa ni hita ndogo ndani ya friji. Washa kamera ya simu irekodi, iweke ndani, funga mlango kwa sekunde kumi, kisha tazama video.

Chakula cha moto nacho kina lawama yake, ila watu huivusha mpaka. Wengine huacha chakula mezani mpaka usiku wa manane "kipoe kwanza", na hilo ni la hatari zaidi kwa tumbo kuliko kwa friji. Kigawe kwenye vyombo vifupi, acha mvuke uishe, kiingize kabla saa 2 hazijapita.

Mboga zinaganda kwenye friji

Kitufe kiko baridi mno, au vitu vinagusa ukuta wa nyuma, au ule mlango mdogo wa hewa kutoka friza umekwama ukiwa wazi. Jaribu kwa mpangilio huohuo.

Kinyume chake hutokea kwenye chumba baridi sana. Friji nyingi zenye kidhibiti kimoja husikiliza joto la upande wa friji tu. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 10, upande huo unabaki baridi wenyewe, kompresa haiitwi kazini, na friza inaanza kuyeyuka. Mtu aliyeweka friji chumba cha nje wakati wa baridi kali hukuta nyama imelainika na haelewi kwa nini.

Maji chini ya droo, maji sakafuni

Matone kwenye ukuta wa nyuma wa friji ya kawaida si ubovu. Ni ukungu unaoganda kompresa ikiwa kazini na kuyeyuka ikipumzika. Maji hayo huteremka kwenye mfereji mdogo, yakaingia kwenye tundu, yakapita mpirani mpaka kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa huyakausha. Ni mpango mzuri, lakini unategemea tundu lenye upana wa penseli.

Jani moja la mboga au lebo iliyobanduka ikiziba hapo, bwawa linajikusanya chini ya droo. Zibua kwa mrija laini wa plastiki au kijiti chenye pamba, polepole, kisha mimina maji ya vuguvugu kikombe kimoja na uende nyuma kuona kama yanafika kwenye trei. Usitumie waya mkali. Utautoboa mpira na kuhamishia tatizo mahali usipopaona. Maji yakiwa sakafuni, tazama kama trei imepasuka au mpira umechomoka.

Maji yanayoganda chini ya friza yenye feni yana asili moja: tundu lake la kutolea maji limejaa barafu. Yeyusha kikamilifu, na likirudi, rudi kwenye habari ya hita.

Barafu nene kwenye kuta, na kile kisu

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, wakati wa kuyeyusha umefika. Inazuia baridi isikifikie chakula na kuifanya kompresa ihangaike. Ikijijenga haraka kuliko kawaida, rudia jaribio la karatasi mlangoni.

Tafadhali, usitumie kisu. Sehemu hiyo mara nyingi ni alumini nyembamba yenye njia za gesi ndani yake. Kisu kinapita barafu, kinateleza, na unasikia "sss". Friji nyingi nzima zimekufa kwa sauti hiyo. Chomoa plagi, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, badilisha maji kila yanapopoa, na ubandue vipande kwa mikono au kijiko cha mbao.

Ikikutokea umelisikia hilo "sss", tazama kibandiko. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo ni isobutani, na inashika moto. Haitiwi harufu kali kama gesi ya kupikia, kwa hiyo usitegemee pua. Fungua madirisha, zima moto wowote, usiguse swichi wala plagi iliyo karibu, toka chumbani hewa ibadilike.

Kelele, harufu na mengineyo

Mlio wa maji yanayobubujika ni gesi inayozunguka. Mlio wa "pa!" usiku ni plastiki inayojikunja na kujinyoosha kwa baridi. Yote ni salama. Mtetemo hutafutwa kwa mkono: bonyeza juu ya friji, kisha ubavuni, kisha trei ya nyuma, unapobonyeza na kelele ikakoma, ndipo penyewe. Mara nyingi ni mguu mmoja usiogusa sakafu.

Kingo za mlango kuwa na joto si hitilafu. Bomba la moto limepitishwa hapo makusudi ili mlango usitoe jasho.

Harufu ikibaki baada ya kuosha rafu kwa bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, kagua ile trei ya maji nyuma na mikunjo ya mpira wa mlango, sehemu mbili zinazosahaulika. Usichanganye siki na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Ukigusa friji na ukahisi inakuwasha au kukupiga umeme, hata kidogo, usiendelee kuchunguza. Zima swichi kuu, chomoa, na mwite fundi umeme aangalie pia waya wa ardhi wa nyumba. Hilo halisubiri kesho.

Umeme umekatika

Usifungue. Friji iliyofungwa hushika ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa anayesafiri kuna njia nzuri ya kujua yaliyotokea: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini ya barafu, friza iliyeyuka ikaganda tena ulipokuwa mbali, na nyama iliyo humo usiile. Vyakula vinavyoharibika upesi vilivyokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, vitupe hata kama vinanukia vizuri. Bakteria wengi wanaoumiza hawana harufu.

Na kama kweli ni gesi

Sasa umepima, umesikiliza, umegusa mabomba na yamepoa, na barafu imejikusanya kona moja. Mwite fundi, na umsimulie hivyohivyo kwa mpangilio. Kisha muulize atafanya nini, kwa sababu kujaza gesi kuna namna yake. Kwanza alitafute tundu na kuliziba. Baada ya mabomba kufunguliwa abadilishe kichujio, kile kijipipa kidogo cha shaba kinachonyonya unyevu, kwa maana unyevu ukibaki huganda ndani ya bomba jembamba na kuziba njia. Avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, asiipulize nje kwa gesi yenyewe. Mwisho atie gesi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kuipima kwenye mzani. R600a inayoingia kwenye friji ya nyumbani kwa kawaida ni makumi ya gramu tu, na kibandiko kinataja gramu hizo kamili. R134a ni gesi nyingine, ina shinikizo lingine, na moja haishiki nafasi ya nyenzake. Mwombe akuonyeshe mzani kabla hajafungua chupa.